Kamera za Filamu za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi kamera za milimita 35 zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, na yameandikwa kwa kuzingatia hali ya hewa ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako joto na unyevu ndivyo vinavyoua kamera nyingi kuliko kuanguka au kutumika.

Nimerithi kamera iliyokaa kabatini kwa miaka mingi. Nianzie wapi?

Usifungue mgongo wa kamera kabla hujajua kama ndani yake kuna filamu. Shika kishikizo kidogo cha kurudishia filamu, kile kilichopo juu upande wa kushoto, ukizungushe taratibu kuelekea upande wa mshale. Kikizunguka kwa wepesi bila kukaza, kamera ni tupu. Kikikaza, kuna filamu, na huenda ina picha za watu ambao familia haina picha yao nyingine. Katika kamera nyingi za aina hii kuna kitufe kidogo upande wa chini. Kibonyeze, kisha zungusha kishikizo hadi usikie filamu imeachia na mkono umekuwa mwepesi. Hapo ndipo unapofungua.

Hatua inayofuata ni chumba cha betri. Betri za alkali zikiachwa ndani huvuja na kuacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma. Kwa kuwa kinachovuja ni alkali, siki huutuliza: chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua ukoko hadi utoke, kisha pitisha kijiti kingine chenye spiriti ili pakauke. Vaa glavu, na usiruhusu siki ichuruzike kuingia ndani ya kamera.

Baada ya hapo vuta wenzo wa kusogezea filamu na upige, bila filamu, kwa kila kasi iliyoandikwa, mara nyingi. Shata (pazia linalofunguka na kufungwa ili mwanga uifikie filamu) iliyolala miaka 20 huanza kwa uvivu, na mara nyingine hurudi katika hali yake kwa kufanyishwa kazi tu. Grisi hukauka na kuvu hustawi katika giza la kabati, kwa hiyo kamera inayopigwa kila mwezi hudumu kuliko ile iliyofungiwa kwa heshima ndani ya mkoba wake wa ngozi.

Sina ya kurithi. Ninunue ipi?

Kwa anayeanza, na hasa kwa anayetaka kujifunza ufundi wake, ninapendekeza kamera ya makanika matupu, yaani ile ambayo shata yake haitegemei umeme. Pentax K1000 iliingia sokoni mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, kwa hiyo vipuri na lenzi zake bado vinapatikana. Betri yake moja ndogo ya LR44 huendesha kipima mwanga peke yake. Ikiisha, kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Haina swichi ya kuzimia kipima mwanga, kwa hiyo weka kifuniko cha lenzi kila unapomaliza, la sivyo betri itakwisha kabla ya wakati wake. Nikon FM na FM2 zinafuata utaratibu huohuo na ni imara zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Canon AE-1, nayo ya mwaka 1976, ni kamera nzuri na jina lake linajulikana, lakini shata yake inaongozwa na umeme: bila betri ya volti 6 haipigi kabisa, na sakiti yake ikiungua hakuna cha kutengeneza isipokuwa kuchukua ile ya kamera nyingine iliyokufa.

Kamera za Kisovieti ni kundi la peke yake. Zenit-E, iliyotengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow, ni nzito na ya bei nafuu, na lenzi yake ya Helios-44 inapendwa hadi leo kwa jinsi inavyolainisha mandhari ya nyuma. Zorki na FED ni ndogo zaidi, lakini zina sharti moja lisilovunjwa: vuta wenzo kwanza, ndipo ubadilishe kasi ya shata. Kubadilisha kasi kabla ya kuvuta kunaweza kuharibu makanika ya ndani. Pia hazina kioo cha kuakisi mbele ya shata, kwa hiyo usiziache zikiwa zimeelekezwa kwenye jua bila kifuniko. Lenzi hukusanya mwale na kutoboa pazia la kitambaa, na kwa jua letu la saa sita mchana haichukui muda mrefu.

Nikiwa mbele ya muuzaji, nikague nini?

Tazama lenzi kwa kuielekeza kwenye mwanga wa tochi ya simu, kwanza kutoka mbele, kisha kutoka nyuma. Vumbi dogo halina madhara. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka sehemu moja ni kuvu. Angalia mapanga ya tundu la lenzi yanavyofunga na kufunguka. Yakiwa na mafuta au yakisita, lenzi inahitaji kufunguliwa. Fungua mgongo utazame mapazia ya shata kama yana mikunjo au matundu. Muuzaji akikukataza kufungua mgongo wakati hamna filamu ndani, rudisha kamera na uondoke.

Nitajuaje kama kasi za shata ni sahihi?

Simu yako inatosha kwa kasi za chini. Simu nyingi za siku hizi hurekodi video ya mwendo pole ya fremu 240 kwa sekunde. Ondoa lenzi, fungua mgongo, weka kamera mbele ya dirisha lenye mwanga, urekodi shata ikifunguka, kisha uhesabu fremu zinazoonyesha mwanga. Kwa kasi ya 1/30 ya sekunde utarajie fremu 8 hivi. Kwa 1/60, fremu 4. Kwa 1/8, fremu 30. Ukipata 10 badala ya 8, usihangaike, kwani filamu ya negativu huvumilia mwanga kuzidi kidogo. Kinachoiumiza ni mwanga kupungua.

Kwa kasi za juu njia hiyo haifai, lakini kuna kipimo kingine cha macho. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe au anga, tazama kupitia nyuma, na upige kwa 1/1000. Unapaswa kuona mwanga umeenea sawasawa katika fremu nzima. Upande mmoja ukiwa na giza, mapazia mawili hayaendi kwa mwendo unaolingana, na picha zako zitatoka na ukanda mweusi. Hilo ni suala la mkazo wa springi na linahitaji fundi mwenye kipimo. Usijaribu kukaza kwa kubahatisha.

Picha zangu zina michirizi ya rangi ya chungwa au nyeupe. Je, filamu ni mbovu?

Mara nyingi tatizo ni sponji. Kamera za Japani za wakati huo zilizibwa mwanga kwa vipande vyembamba vya sponji kwenye mifereji ya mlango wa nyuma, na sponji hiyo hugeuka kuwa kitu cheusi kinachonata. Ukiigusa ikabaki kidoleni, imekwisha. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo kila mpenzi wa kamera anapaswa kujifunza, kwa sababu haihitaji kufungua parafujo hata moja.

Andaa vijiti vya mti vilivyochongwa, vijiti vya pamba na spiriti ya isopropili. Inamisha kamera ili uchafu uanguke nje na usiingie kwenye mapazia. Lowanisha sponji ya zamani kidogo kidogo, ngoja ilainike, kisha ikwangue kwa kijiti cha mti. Chuma kitachubua rangi nyeusi na kuacha sehemu inayong'aa. Rudia hadi mfereji uwe safi na pamba itoke bila weusi. Upande wa bawaba unahitaji kipande kipana cha sponji nyeusi ya unene wa milimita 2 hivi. Kwa mifereji myembamba ya juu na chini, uzi mweusi wa sufi, uliolazwa juu ya gundi kidogo, hufanya kazi vizuri na hauozi kama sponji. Ukitumia sponji yenye gundi yake, lowanisha gundi kwa maji kabla ya kuibandika, ili uweze kuisogeza hadi ikae sawa. Maji yakikauka itashika.

Kuna kipande kingine kinachosahaulika: kile cha juu ndani ya mdomo wa kamera, kinachopokea kioo cha kuakisi kinaporuka. Kikioza, chembe zake hubaki kwenye kioo na kwenye skrini ya kulengea. Unapokiondoa, elekeza mdomo wa kamera chini. Usifute kioo kwa kitambaa, kwa maana fedha yake iko juu ya kioo na si nyuma yake kama kioo cha nyumbani, na hata karatasi laini huikwaruza. Pulizia hewa kwa pampu ya mpira, basi.

Mwongozo unataka betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena. Nifanyeje?

Betri za zebaki za volti 1.35, kama PX625, ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5 yenye umbo lilelile, kamera itakubali, lakini kipima mwanga kitadanganya, na kitazidi kubadilika kadiri betri inavyochoka. Njia ya gharama ndogo ni betri za hewa na zinki namba 675, zile zinazouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya vifaa vya kusaidia kusikia. Volti yake inakaribia sana ile ya zebaki. Ni nyembamba kuliko ya asili, kwa hiyo weka pete ya mpira kuizunguka ili itulie. Zikishabanduliwa kibandiko hudumu wiki kadhaa tu, ila huuzwa nyingi katika pakiti moja.

Lenzi yangu ina kuvu. Je, inasafishika?

Inategemea imekaa muda gani. Kuvu changa iliyo juu ya kioo hufutika. Kuvu ya miaka mingi hutoa asidi inayokula rangi ya kinga ya lenzi na hatimaye kioo chenyewe. Hata ukiifuta, alama yake inabaki daima. Mwangaza wa tochi utakuonyesha nyuzi, lakini hautakuambia kama zimeshakula kioo hadi utakapofuta.

Ikiwa iko kwenye kioo cha mbele au cha nyuma kabisa, tumia haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, kwa kijiti cha pamba kilicholowana bila kuchuruzika. Zungusha kutoka katikati kwenda nje, acha kwa dakika chache, kisha futa kwa kitambaa cha lenzi na umalizie na spiriti safi. Ikiwa iko katikati ya vioo, lenzi lazima ifunguliwe kwa chombo maalumu cha kuzungushia pete. Kabla ya kutoa kila kioo, weka alama ndogo ya penseli kwenye ukingo inayoonyesha upande unaotazama mbele, na upige picha kwa simu. Kioo kilichogeuzwa huonekana sawa mezani lakini hutoa picha zenye ukungu.

Lenzi yenye alama chache za zamani bado inapiga picha nzuri, isipokuwa unapoielekeza kwenye mwanga mkali. Usiitupe.

Nihifadhi wapi kamera, ikiwa ninaishi Mombasa, Tanga au Unguja?

Si kwenye mkoba wa ngozi wala kwenye kabati la nguo. Ngozi hunyonya unyevu na kuvu huipenda. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana kwa mpira, weka ndani yake silika jeli na kipima unyevu kidogo, na uhakikishe kinasoma kati ya asilimia 40 na 50. Juu ya 60 kuvu huanza kuamka. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishashiba maji. Ikaushe katika oveni kwa nyuzi 120 hadi irudishe rangi yake, na uitumie tena. Mchele, ambao wengi huutegemea, huvuta unyevu kidogo tu na huacha unga unaoingia kwenye pete za lenzi.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi kabla ya kuitoa nje. Vinginevyo maji yatatanda kwenye vioo, pamoja na vile vya ndani usivyoweza kuvifikia.

Je, ninaweza kufungua kamera mwenyewe?

Unaweza, kwa mpangilio huu: anza na kamera iliyokufa kabisa, ya bei ya chini, ambayo hutaililia. Vifaa vingi vya fundi saa vinafaa, yaani vibanio vyembamba, kioo cha kukuzia na bisibisi ndogo. Tahadhari ni moja kuhusu bisibisi: parafujo za msalaba za kamera za Japani zina kipimo chao cha JIS (kiwango cha viwanda cha Japani), na bisibisi ya msalaba ya kawaida haikai vizuri ndani yake, huteleza na kuzila kichwa. Tafuta inayolingana. Weka trei nyeupe yenye vijumba, na panga kila parafujo kwa mpangilio ulioitoa, kwani mbili zinazofanana kwa macho mara nyingi zina urefu tofauti.

Mafuta ya kupulizia ya makopo, yanayotumiwa kwenye kufuli na baiskeli, yasikaribie kamera. Hutambaa hadi kwenye mapazia na mapanga ya lenzi, na baada ya miezi michache huganda na kukwamisha kila kitu. Penye kuhitaji mafuta, tone linalobaki kwenye ncha ya sindano linatosha.

Usifungue kamera yenye fleshi ya ndani. Kapasita yake huhifadhi umeme wa volti 300 hivi, na hubaki nao hata betri ikiwa imetolewa siku nyingi. Hilo si la kujifunzia.

Kipima mwanga kimekufa. Nitapimaje?

Kipima mwanga cha Zenit-E hutumia seleniamu na hakihitaji betri, lakini kikishachoka hakihuishwi. Hali hiyo haikuzuii kupiga. Kwenye jua kamili weka tundu kwenye f/16 na kasi inayokaribia namba ya ISO, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga: filamu ya 200 kwa 1/250, ya 400 kwa 1/500. Mawingu mepesi, fungua hadi f/11. Kivulini barazani, f/4 au f/5.6. Zipo pia programu za simu za kupimia mwanga, na nyingi ni sahihi vya kutosha.

Jambo linalohitaji akili zaidi ni kipima mwanga kinachofanya kazi. Kipimo hicho huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Mweke mzee mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa wa Lamu saa nne asubuhi, na kamera itaamini kuwa mwanga umezidi. Itakuelekeza ufunge tundu, na uso wake utatoka mweusi usio na macho. Sogea karibu, pima usoni penyewe au kwenye kiganja chako kilicho katika mwanga uleule, weka namba hizo, kisha rudi nyuma upige bila kusikiliza sindano tena. Kwa ngozi nyeusi kwenye kivuli cha kofia, usiogope kuongeza hatua moja ya mwanga, yaani mwanga maradufu. Weupe wa kanzu utastahimili, kwa kuwa negativu hubeba mwanga mwingi kuliko inavyodhaniwa.

Nilipiga picha 36 na filamu ikatoka tupu.

Haikuwahi kusogea. Kila ukishaiweka na kufunga mgongo, kaza kishikizo cha kurudishia hadi kikaze kidogo, kisha vuta wenzo ukikitazama. Kisipozunguka, fungua uanze upya.

Ninaweza kusafisha filamu nyumbani bila chumba cha giza?

Ya nyeusi na nyeupe, ndiyo, kwa urahisi kabisa. Giza linahitajika dakika chache tu, unapoipeleka filamu kwenye tangi, na mfuko mweusi wa kubadilishia unatosha. Kuanzia hapo kazi hufanyika mezani.

Tatizo letu ni joto. Maelekezo mengi yameandikwa kwa nyuzi 20, ilhali maji ya bombani Dar es Salaam huweza kufika 28 au zaidi. Katika joto hilo dawa hufanya kazi kwa haraka mno, na muda ukiwa chini ya dakika 5 filamu husafishika kwa mabaka. Suluhisho ni mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, weka chupa za dawa ndani ya beseni la maji yenye barafu hadi zishuke kufikia nyuzi 24. Pili, chagua mchanganyiko mwepesi wenye muda mrefu. Kwa mfano, filamu ya Ilford HP5 Plus katika dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na takriban dakika 9 kwa nyuzi 24. Huo ni muda unaodhibitika. Dawa ya kusimamisha, ya kukaza na maji ya kuoshea navyo viwe karibu na joto hilohilo.

Kuosha hakuhitaji bomba kufunguliwa kwa nusu saa, jambo muhimu pale maji yanapokuja kwa zamu. Baada ya dawa ya kukaza, jaza tangi maji, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, lipindue mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, lipindue mara 20. Inatosha. Dawa ya kukaza iliyotumika ina fedha ndani yake. Usiimwage kwenye shimo lililo jirani na kisima.

Filamu ya rangi inataka nyuzi 38 zisizoyumba, na kwetu ni rahisi kupasha maji hadi hapo kuliko kuyapoza. Ila dawa zake huharibika mapema, kwa hiyo kusanya filamu kadhaa kwanza.

Filamu ni ghali. Nipunguze vipi gharama?

Kamera za nusu fremu, ambazo kila picha huchukua nusu ya nafasi ya kawaida, kama Olympus Pen iliyoanza mwaka 1959, hutoa picha 72 kwenye filamu ya 36. Pentax ilirudi kwenye wazo hilo mwaka 2024 kwa kamera mpya iitwayo Pentax 17.

Mashine za uwanja wa ndege zinaharibu filamu?

Usiiweke kamwe kwenye mzigo unaokabidhiwa kuingia tumboni mwa ndege. Mashine za zamani za mzigo wa mkononi hazidhuru filamu ya chini ya ISO 800 ikipita mara chache, lakini zile mpya za CT, zinazochunguza begi kutoka pande zote, huharibu hata ya ISO 200. Iweke kwenye mfuko unaoonyesha, na uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

Nimekuta sanduku la negativu za zamani za familia, na linanuka siki.

Harufu hiyo ni ya plastiki ya asetati inayooza. Ikishaanza haizuiliki, na mvuke wake huchochea kuoza kwa negativu nyingine zilizo kwenye boksi moja. Zitenganishe leo: zinazonuka upande mmoja, zisizonuka upande mwingine. Zilizoanza kujikunja ndizo za kwanza kunakiliwa, kabla uso wenye picha haujabanduka, na hata simu iliyowekwa juu ya ubao wa mwanga mweupe inafaa kuliko kungoja skana. Zinazobaki zihamishie kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, si za plastiki ya PVC, na uzipeleke kwenye ubaridi mkavu kadiri uwezavyo.

Andika majina ya watu waliomo wakati bado yupo anayewatambua. Studio za pwani, kama Capital Art Studio ya Unguja iliyoanzishwa mwaka 1930, zilipiga vizazi vya familia zetu, na pengine nakala pekee ya sura ya bibi yako akiwa msichana imo ndani ya kipande hicho cha asetati. Penseli laini iandike kwenye bahasha, kabla hujaingiza negativu, kwa sababu mkandamizo wa penseli huacha alama kwenye filamu.